Mwalimu mpya ana cheti, kulelewa kwa nini tena?

Tangazo lenyewe lilikuwa la mstari mmoja: Ijumaa watoto watatoka mapema, walimu wana kikao cha Jumuiya ya Ujifunzaji. Hazikupita dakika kumi, kundi la WhatsApp la wazazi likawaka. Mmoja akauliza kama huo ndio mgomo wa kistaarabu. Mwingine akaandika, "Hivi hawa si wametoka chuo juzi tu? Wanafundishwa nini tena?" Wa tatu, yule ambaye katika kila kundi lazima awepo, akatoa jibu: ni mradi wa Wazungu, walimu wanakwenda kuchukua posho. Akapigiwa makofi ya vikatuni, na mazungumzo yakahamia kwenye mchango wa uji.

Siwalaumu. Kila ajira mpya za walimu zinapotangazwa, husikika sentensi ileile: walimu wapya watalelewa na viongozi wa shule watajengewa uwezo, kwa kushirikiana na wadau wa maendeleo. Imezoeleka masikioni hata hakuna anayeuliza nani hasa anamlea nani, saa ngapi, na mlezi huyo analipwa na nani. Tuifungue.

Tuanze na maneno, maana hapa ndipo watu wanapopotezana. Kuna mafunzo elekezi. Hayo ni kama kumwonyesha mgeni nyumba. Ameshuka basi, anaambiwa choo kile, maji yanachotwa pale, na yule mbwa usimpite usiku. Mwalimu anayeripoti kazini huelezwa sheria za utumishi, maadili, fomu za kujaza na namna ya kuomba ruhusa. Siku mbili tatu, kwisha.

Kuna mafunzo kazini. Haya ni kwa walimu wote, awe ameanza jana au anakaribia kustaafu. Tanzania Bara mpango wake unaitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Moduli zinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na walimu wanakutana shuleni kwao au kwenye kituo cha walimu cha kata kujadili, tuseme, namna ya kufundisha sehemu kwa mtoto ambaye bado anahesabu kwa vidole. Kile kikao cha Ijumaa kilichowasha kundi la wazazi ni sehemu ya mpango huu.

Halafu kuna ulezi, ambao ndio hasa mada yetu. Mfikirie mwanamke aliyejifungua mtoto wa kwanza. Kliniki alihudhuria zote, mafundisho aliyasikia, kadi anayo. Pamoja na hayo yote, mama yake anafunga mzigo, anapanda basi, anakwenda kukaa naye hadi arobaini itoke. Hamfanyii semina. Anakaa kando ya kitanda, anatazama binti anavyomshika mtoto, na wakati fulani anasema tu, "Mwinue kidogo, mcheulishe kwanza." Ulezi wa mwalimu mpya ndio huo: mtu mzima kikazi anakaa karibu na anayeanza, anamwona akifanya kazi yenyewe, na anasema neno linalohitajika siku hiyo.

Neno la mwisho ni uthibiti ubora, ambao wengi wetu bado tunauita ukaguzi. Mthibiti ubora ni kama trafiki. Anasimamisha, anatazama leseni, anaandika alichokiona. Kazi yake ni halali na inahitajika, lakini hakuna aliyejifunza kuendesha gari kwa kusimamishwa na trafiki. Kuwachanganya mlezi na mkaguzi ndiko kunakofanya walimu vijana wapandishe mabega wakisikia kuna mtu atakuja kukaa nyuma ya darasa.

Na neno "mlezi" nalo lina mkanganyiko wake. Shuleni tayari kuna mlezi wa skauti, mlezi wa klabu ya mazingira, mlezi wa bweni. Kijana akiambiwa "mlezi wako ni Madam fulani" anaweza kudhani ameingizwa kwenye klabu. Baadhi ya miradi husema mshauri, mingine huita ukocha. Mimi nabaki na mlezi, kwa sababu kila mtu anajua kulea ni kazi ya muda mrefu na haina cheti cha kuhitimu.

Sasa jambo lenyewe likoje likifanyika? Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la Tano, kipindi cha hisabati, mwalimu akiwa kijana mwenye miezi minne kazini. Watoto walikuwa zaidi ya themanini. Kando yangu alikaa Madam mmoja, mtu wa miaka ishirini na kitu kazini, na daftari la mistari magotini. Alikuwa amechora madawati yote kama vijisanduku. Kijana alipouliza swali na mtoto akajibu, Madam aliweka alama ndogo kwenye kisanduku cha mtoto yule. Dakika arobaini zote hakuandika neno hata moja, alama tu.

Kengele ilipolia walikwenda kukaa chini ya mwembe, mbali na ofisi. Hilo la kukaa mbali na ofisi si dogo, nitalirudia.

"Mwalimu, kipindi umekionaje?"

"Kimekwenda vizuri, Madam. Walikuwa wananijibu."

Madam akamgeuzia daftari. Kijana akaanza kuhesabu. Maswali kumi na tisa. Kumi na tano yalikuwa yamekwenda kwa madawati ya mbele na ya upande wa dirishani. Kona ya mlangoni, ambako waliketi wasichana wengi, palikuwa peupe. Kijana akanyamaza. Madam hakusema "umekosea" wala hakutaja nadharia yoyote ya ujifunzaji.

"Ukisimama pale ubaoni," akasema, "jicho lako la kushoto linalala."

"Kesho nianzie wapi?"

Akaweka kidole kwenye kisanduku kimoja karibu na mlango. "Huyu. Ukimwamsha huyu, kona nzima itaamka. Nimemfundisha dada yake."

Ukiniuliza ulezi ni nini, nitakupa daftari lile. Kuna kitu kimeonekana, kimesemwa kwa faragha, na kimepewa hatua moja ya kesho. Na ile "nimemfundisha dada yake" hakuna moduli inayoweza kuichapa.

Turudi kwa yule mzazi: si wametoka chuo? Wametoka. Lakini mazoezi ya kufundisha ya chuoni ni wiki chache katika darasa la mtu mwingine. Mkufunzi anayekuja kutathmini, siku hiyo watoto wamechana nywele, zana za kufundishia zimetundikwa, na mwalimu mwenye darasa ameshawatisha watukutu tangu asubuhi. Kituo cha kazi hakina siku ya tathmini. Kina Jumatatu, mvua, na mwenzako aliye likizo ya uzazi ambaye vipindi vyake vimeongezwa kwenye vyako.

Tena matatizo mengi ya mwaka wa kwanza hayahusu somo kabisa. Yanahusu cheki namba, ile namba ya mtumishi wa serikali, mshahara wa kwanza unaochelewa, chumba cha kupanga katika kijiji ambacho humjui mtu, na namna ya kumjibu mzazi aliyekuja na fimbo yake mwenyewe akitaka umchapie mwanawe mbele ya darasa. Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa boksi la chaki, muhtasari uliochanika jalada, na maneno "karibu sana, mwalimu, kipindi chako kimeanza dakika tano zilizopita." Ulezi wote niliopata ulikuwa huo. Aliyeniokoa ni mpishi wa shule, ambaye alinieleza mtoto yupi hali asubuhi na kwa nini yupi husinzia. Hakuna mradi uliomlipa mpishi yule.

Kwa mwajiri, mwaka huo wa kwanza ni muda wa matazamio: miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Kwenye karatasi ni kipindi cha kumtazama mtu. Ulezi unadai kitu cha ziada, kwamba anayetazamwa pia ashikwe mkono.

Upande wa viongozi mambo ni magumu zaidi, na kwa bahati mbaya huzungumzwa kidogo zaidi. Kwanza tuweke sawa: Tanzania, Mwalimu Mkuu ni wa shule ya msingi na Mkuu wa Shule ni wa sekondari. Wote wawili kwa kawaida ni walimu waliofanya vizuri darasani. Barua inakuja Jumanne. Jumatano asubuhi mtu aliyekuwa bingwa wa kufundisha Kiswahili anakuwa mhasibu, mnunuzi, msimamizi wa ujenzi na hakimu wa ugomvi wa ofisi ya walimu.

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na matumizi yake yanapaswa kuingizwa kwenye mfumo wa kihasibu wa serikali. Madarasa mengi nayo hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: shule inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi wa hapohapo. Kwa hiyo utamkuta mwalimu mkuu mpya saa kumi na mbili asubuhi anahesabu mifuko ya saruji, kwa sababu mfuko ukipungua, swali litamjia yeye. Ni lini atapita madarasani kumtazama mwalimu mpya? Serikali iliweka posho ya madaraka mwaka 2016, shilingi 200,000 kwa mwezi kwa walimu wakuu na 250,000 kwa wakuu wa shule na waratibu elimu kata. Ilikuwa hatua ya haki. Lakini posho hainunui saa ya ishirini na tano.

Mafunzo ya uongozi yapo. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye makao yake Bagamoyo, wazee wengi bado wanauita kwa jina lake la zamani, MANTEP. Una kozi za uongozi na usimamizi wa shule, na umefundisha maelfu. Lakini kozi ni kozi: unakwenda, unasoma, unarudi. Mlezi wa mwalimu mkuu mpya ni mwalimu mkuu mzoefu wa kijiji cha pili, yule unayeweza kumpigia saa tatu usiku na kumuuliza, "Kaka, kamati imegoma kusaini, nifanyeje?" Na yeye anacheka kwanza, halafu anakwambia mwenyekiti wa kamati hasaini kitu ambacho hajakiona kwa macho yake, mpeleke kwenye ujenzi kesho asubuhi.

Sasa ushirikiano. Kwa nini basi katika jambo la kindugu namna hii waingie "wadau wa maendeleo"?

Kwa sababu lina gharama, na kwa sababu shule ina wakubwa wengi. Wizara ya Elimu inatunga sera na mitaala. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, kupitia halmashauri, ndiyo yenye shule za msingi na sekondari za serikali mikononi. Tume ya Utumishi wa Walimu inashughulika na utumishi na nidhamu yao. Taasisi ya Elimu inaandaa moduli, ADEM inafundisha viongozi, uthibiti ubora unakagua. Yule kijana wa darasa la Tano anaguswa na wote hawa, na mara nyingi hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ya Jumatatu asubuhi ni kumlea. Mshirika kutoka nje mara nyingi huja na fedha, wataalamu, au jambo la tatu lisilotajwa sana: sababu ya kuwakutanisha wote hawa kwenye meza moja.

Fedha hizo huja kwa sura tofauti, na hapa ndipo yule mjuzi wa kundi la wazazi anapokosea. Ipo misaada, kama EQUIP-Tanzania ya serikali ya Uingereza, iliyofanya kazi kati ya 2014 na 2020 katika mikoa kama Dodoma, Kigoma, Tabora na Lindi, ikikazia walimu wa madarasa ya chini, walimu wakuu na waratibu elimu kata. Shule Bora, ya Uingereza pia, ikafuata katika mikoa tisa. Tusome Pamoja ya Marekani ilikuwa Iringa, Morogoro, Mtwara, Ruvuma na Zanzibar.

Lakini fungu kubwa zaidi si msaada. SEQUIP ya sekondari, iliyoidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020, na BOOST ya awali na msingi, ya 2021, kila moja ni dola milioni 500, na ni mkopo wa masharti nafuu. Anayeulipa ni wewe na mimi na watoto wa darasa la Tano watakapokua. Kwa hiyo ukisikia "hela ya Wazungu", jua kwamba sehemu kubwa ni hela yetu ya kesho.

Mikopo hii ina utaratibu ambao ungefurahisha mtu yeyote aliyewahi kujenga nyumba. Fedha nyingi hutoka matokeo yakishahakikiwa. Ni kama makubaliano na fundi: ukimaliza msingi nakulipa, ukifika lenta nakulipa, ukipaua nakulipa tena. Katika BOOST, kuwapatia walimu mafunzo endelevu ni moja ya hatua hizo za kulipiwa. Watu wengi huijua BOOST kwa madarasa mapya yenye rangi, kwa kuwa darasa linaonekana kutoka barabarani. Daftari la Madam halionekani kutoka barabarani.

Na hapo pana mtego wake. Lenta inahesabika kwa macho, ulezi hauhesabiki hivyo. Mhakiki akija anaweza kuhesabu shule zenye mratibu wa MEWAKA, vikao vilivyofanyika, sahihi kwenye daftari la mahudhurio. Hawezi kuhesabu jicho la kushoto lililoamka. Shule zinajua hili, na ziko ambazo kikao cha Jumuiya ya Ujifunzaji ni sahihi, picha, soda, tawanyikeni. Anayesema hayapo mambo hayo hajakaa ofisi ya walimu.

Majirani wamelijaribu kwa njia zao. Kenya, katika mpango wa Tusome uliosambaa nchi nzima kuanzia 2015, maofisa wa mitaala wa kata, waliojulikana zamani kama TAC tyuta, walipewa vishikwambi. Walimtazama mwalimu wa darasa la chini akifundisha kusoma, wakajaza walichokiona palepale, na kishikwambi kikarekodi mahali walipo. Nauli yao ilifuata ziara zilizorekodiwa. Wapo waliolalamika kwamba wanafuatwa kama malori ya mizigo, ila ziara ziliongezeka. Rwanda nayo ilipohamia Kiingereza kama lugha ya kufundishia, iliajiri washauri wa kukaa shuleni, baadhi wakitoka Uganda na Kenya. Baadaye kazi hiyo ikarudi kwa walimu wa shule husika, na Chuo Kikuu cha Rwanda, pamoja na shirika la Ubelgiji VVOB na Bodi ya Elimu ya nchi hiyo, wakawasomesha walezi hao hadi kupata cheti cha ulezi wa walimu. Hapo ubia umekwenda kwa mlezi mwenyewe, na ninaupenda kwa hilo. Wengi hudhani mwalimu mzuri ni mlezi mzuri papo kwa papo. Sivyo. Nimewaona walimu mahiri ambao wakimtazama mgeni akifundisha hawastahimili dakika saba, wanainuka na kumpokonya chaki.

Mfano wa zamani zaidi tunao Pwani. Miaka ya 1980, Mombasa, wazazi Waislamu walitaka watoto wao wafike darasa la kwanza wakiwa tayari bila kupoteza malezi ya dini. Wakfu wa Aga Khan ukashirikiana nao, na vikazaliwa vituo vya madrasa ambavyo baadaye vilifika Zanzibar na Kampala. Wanawake wa mtaa, wengi wakiwa na elimu ya sekondari tu, walifundishwa kuwa walimu wa awali. Wakufunzi hawakuwaacha baada ya mafunzo. Waliwafuata shuleni kwa takribani miaka miwili, wakikaa darasani nao, wakitengeneza zana kwa vifuu na vifuniko vya chupa. Jamii nayo ilikuwa na wajibu wake: kutoa jengo, kuunda kamati, kuchangia. Shule ilipohitimu ilibaki na watu wake. Ukifika Unguja leo utakuta walimu wa awali waliolelewa kwa mkono ule, na baadhi wamelea wengine.

Sasa swali la haki: je, ulezi unasaidia kweli, au ni maneno mazuri tu? Afrika Kusini, katika jimbo la North West, watafiti waligawa shule. Kundi moja walimu walikusanywa kwenye semina, kundi lingine kocha aliwafuata darasani, vitabu na mipango ya somo ikiwa ileile. Wanafunzi wa walimu waliofuatwa darasani walisonga mbele katika kusoma karibu mara mbili ya wale wa semina. Utafiti uliofuata, Mpumalanga, ulilinganisha kocha wa ana kwa ana na kocha wa kwenye simu na kishikwambi. Mwaka wa kwanza walikwenda sare. Baada ya miaka mitatu, anayekuja mwenyewe aliwaacha wa simu mbali. Nawakumbusha wale wanaodhani vishikwambi vilivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022 vimemaliza kazi ya mlezi. Vinarahisisha kupata moduli, na hilo si haba. Kumcheulisha mtoto kwa simu, hapana.

Lakini ipo habari nyingine isiyopendwa kwenye warsha. Mwaka 2018 Matthew Kraft na wenzake wawili walichambua pamoja tafiti 60 za ukocha wa walimu, nyingi za Marekani. Ufundishaji uliboreka, na matokeo ya wanafunzi pia, kwa kiasi. Ila programu ilipokua kutoka walimu makumi hadi mamia, manufaa yalipungua karibu nusu. Si ajabu. Walimu kumi na Madam kumi ni jambo moja. Ukitaka Madam elfu ishirini, itabidi uchukue pia wasio Madam.

Kwa nini basi ubia mwingi huishia njiani? Kwa maoni yangu, kwa sababu fedha hulipia kila kitu kinachozunguka ulezi, isipokuwa muda wa mlezi. Ukumbi unalipiwa. Mabango yanalipiwa, na fulana. Mwaka 2018, kwa fedha za Ushirika wa Kimataifa wa Elimu, serikali iligawa pikipiki 2,894 ili waratibu elimu kata wafike shuleni. Kilikuwa kitu cha maana kabisa. Mratibu mwenye kata ya shule saba na barabara ya mchanga hawezi kwenda kwa miguu. Lakini pikipiki hunywa mafuta na kula tairi, na kata ambako fungu la mafuta lilikatika, pikipiki ikawa ya kwendea vikaoni wilayani. Wakati huohuo mzoefu anayetakiwa kumlea kijana ana vipindi vyake ishirini na tano kwa wiki, madaftari ya kusahihisha, na biashara ndogo ya vitenge inayomsomeshea mtoto. Hakuna aliyempunguzia kipindi hata kimoja. Ulezi unakuwa sadaka, na sadaka haiwekewi ratiba.

Hapo posho zinaingia. Miaka mingi ya semina za hotelini imefundisha walimu kwamba kujifunza kuna bahasha. MEWAKA, inayofanyika palepale shuleni, haina bahasha, na manung'uniko yapo. Mimi simwiti mwalimu mchoyo kwa hilo. Tuliomzoesha ni sisi, na wafadhili waliokuwa wakishindana viwango vya posho wilaya moja na nyingine.

Jambo lingine ni uhamisho. Mlezi akishazoeana na kijana wake, barua inakuja, kamfuata mume Mwanza. Ulezi uliofungwa kwa mtu mmoja unaondoka na mtu huyo kwenye basi la saa kumi na mbili.

Na mwisho ni mradi wenyewe kuondoka. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na miradi ya USAID, ya elimu ikiwamo, ikasimama katikati ya sentensi. Magari yalirudishwa, mikataba ya watu ikakatika. Tofauti ilionekana haraka. Kilichokuwa kimekaa ndani ya mfumo wa serikali, na mratibu ambaye mshahara wake unatoka hazina, kiliendelea kujikongoja. Kilichokuwa kinategemea ofisa wa mradi kupiga simu Jumatano kukumbusha, kilikufa Jumatano ya kwanza.

Nilisema nitarudi kwenye mwembe. Madam hakumpeleka yule kijana ofisini kwa sababu ofisini kuna mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ndiye anayempima utendaji. Mlezi anayepeleka habari juu amekwisha kuwa trafiki. Mahali ambapo ubia umeandika wazi kwamba maelezo ya mlezi hayaingii kwenye faili la mwalimu, vijana hufungua madarasa yao. Ambapo halikuandikwa, kila ziara inageuka siku ya tathmini, nywele zimechanwa, watukutu wametishwa.

Kwa hiyo mzazi ukipita shuleni wiki hii, usishughulike na bango la mradi getini, hata likiwa na nembo sita. Ingia ofisi ya walimu, salimia, halafu tazama ratiba iliyobandikwa ukutani, ile karatasi kubwa ya manila yenye rangi. Mtafute mwalimu mzoefu ambaye ameandikiwa, tuseme Jumanne kipindi cha nne, jina la darasa la mwenzake badala ya darasa lake. Usipomwona, muulize mwalimu mkuu kwa upole ulezi wa wale vijana wapya unafanyika saa ngapi.

Kama anaanza na "huwa tunajitahidi", umeshajibiwa.